Miezi mitano na Linux Mint kwenye steshenari yangu Moshi: ilikonibeba na ilikonigomea

Nianze na hali ilivyokuwa maana bila hiyo hamtanielewa. Nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini, sio mbali na Chuo Kikuu cha Ushirika, wateja wangu ni wanafunzi wa chuo, walimu wa shule za jirani, watu wa kuomba ajira, na msimu ukifika kadi za harusi na kipaimara. Nina kompyuta nne. Tatu ni desktopu za zamani, Core i3 kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski zile za kuzunguka za GB 500. Ya nne ni laptopu yangu mwenyewe ambayo ina nafuu kidogo. Zote zilikuwa na Windows 10, na niseme ukweli, kwenye zile desktopu ilikuwa Windows ya kraki, fundi aliniwekea tu siku nanunua na sikuuliza.

Sasa mnajua tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Maana yake kompyuta haizimi, inaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu ya usalama yanayogundulika baada ya hapo hayazibwi tena, isipokuwa kwa wale wanaojisajili kwenye ule mwaka mmoja wa ziada. Na Windows 11 kwa mashine zangu ni ndoto, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, mimi niko cha tatu. Fundi mmoja akaniambia dada hizi nakupigia Windows 11 ya kulazimisha, njia ipo. Mwingine akaniambia uza zote nunua nyingine. Nikapiga hesabu ya kununua mashine tatu, nikaona ada ya mtoto ya Januari inaondoka hivihivi.

Mdogo wangu anasoma Arusha, akaja wikiendi na flashi yake. Akasema, "Dada, kabla hujatoa hata shilingi jaribu hii siku moja, hatufuti kitu." Akachomeka, akawasha, ikatokea kompyuta nyingine kabisa ndani ya kompyuta yangu ileile. Hiyo ndio ilikuwa Linux Mint, toleo la 22.2, ile ya Xfce.

Kwa asiyejua nieleze kidogo tu. Linux yenyewe ni kiini cha mfumo, aliianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, akaiachia dunia nzima iione ndani, iibadilishe na kuigawa. Juu ya kiini hicho watu wanajenga mifumo kamili. Mmoja ni Ubuntu, ulianza 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hilo jina ni neno la kibantu, sisi kwetu tunasema utu. Linux Mint ilianza 2006 na Clement Lefebvre, yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu ila wameinyoosha iwe rahisi kwa mtu aliyetoka Windows, menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, mteja akikaa hashangai. Inakuja kwa sura tatu, Cinnamon ambayo ni nzuri ila nzito kidogo, MATE, na Xfce ambayo ndio nyepesi kuliko zote. Mashine kama zangu chukua Xfce na usijiulize mara mbili. Wao wanasema RAM GB 2 inatosha kuwaka na GB 4 ndio ya kufanyia kazi vizuri, na mimi nakubaliana nao, ila ukifungua tabu kumi na tano za brauza kwenye GB 4 itagoma tu, hilo usiwalaumu.

Na hii familia yote ya 22 inapewa apdeti mpaka 2029. Ndio kitu kilichonifanya nikae chini nifikirie kweli, miaka zaidi ya mitatu mbele kwa mashine ambazo watu walishaniambia niuze chuma chakavu.

Kuiweka sasa. Nitaeleza tulivyofanya maana wengi wanaogopa hapa na hapaogopeshi kivile. Faili lenyewe la ISO, yaani faili moja lililobeba mfumo mzima, ni karibu GB 3, kwaiyo tafuta bando la usiku au waifai ya mtu unayemheshimu ukamwombe kwa adabu. Ukishalipakua lihakiki. Usiruke hii hatua. Februari 2016 wahuni waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakaweka ISO iliyochezewa yenye mlango wa nyuma, wenyewe wakagundua haraka na wakatangaza wazi, ila waliopakua siku ile bila kuhakiki waliweka mwizi ndani kwa mikono yao. Kuhakiki ni rahisi, ukiwa kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, alafu SHA256, itakupa mstari mrefu wa herufi na namba, unaulinganisha na ule ulioko kwenye ukurasa wao. Ukifanana endelea, ukitofautiana hata herufi moja futa upakue upya.

Kuchoma kwenye flashi unatumia programu ya Rufus au balenaEtcher, flashi ya GB 8 inatosha, na kila kilichomo humo kinafutika kwaiyo usitumie flashi yenye picha za harusi ya mtu. Mimi siku hizi natumia Ventoy, maana unaiandaa flashi mara moja alafu unakopi ISO kama faili la kawaida, hata tano tofauti zikae humohumo. Ukizima na kuwasha bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni F9.

Ikiwaka kutoka kwenye flashi USIKIMBILIE kuinstolu. Kaa nayo. Chomeka printa, chomeka skana, jaribu sauti, jaribu waifai, fungua faili la mteja mgumu kuliko wote. Sisi tulikaa nayo Jumamosi nzima mpaka jioni. Laptopu waifai haikuonekana kabisa, nikaanza kusema si mnaona, mdogo wangu akachukua simu yake akaichomeka kwa waya wa USB akaruhusu kugawa intaneti, kompyuta ikapata mtandao papohapo, alafu kuna programu humo ndani inaitwa Driver Manager, ikatafuta draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, ya ile kadi, tukawasha upya, waifai ikaja. Dakika kumi. Kwaiyo ukikwama na waifai kumbuka waya wa simu.

Kwenye kuinstolu sehemu ya kuwa makini ni moja, pale inapouliza ufute diski nzima au uiweke pembeni ya Windows. Desktopu zote tatu nilifuta nzima baada ya kukopi kazi zangu zote kwenye diski ya nje, nikahakikisha zinafunguka kwenye mashine nyingine, sio kukopi tu na kuamini. Laptopu niliiweka pembeni ya Windows, mifumo miwili, na sababu nitaisema huko chini. Ukifanya hivo kwenye Windows zima kwanza ile Fast Startup, ile setingi ya kuwaka haraka, la sivyo diski ya Windows inabaki kama imefungwa nusu na Linux haitakubali kuandika humo. Alafu kuna kisanduku kinauliza kama iongeze kodeki, yaani vitu vya kuchezea video na muziki, kiwekee tiki.

Haya, matumizi.

Spidi. Desktopu ya kaunta ilikuwa inachukua dakika nne na zaidi mpaka uweze kufungua Word, mteja anasubiri, anaangalia saa, anaenda jirani. Sasa hivi dakika moja na nusu hivi nimeshafungua kazi, kwa diski ileile ya kuzunguka. Januari nikanunua SSD, diski isiyozunguka, moja ya GB 128 nikaiweka kwenye hiyo ya kaunta, ndio ikawa kama mashine mpya. Ikiwaka bila kufungua kitu inakula kama GB 1 hivi ya RAM, inayobaki yote ni ya kazi.

Printa. Hapa nilikuwa na hofu kuliko sehemu yoyote maana mimi naishi kwa printa. Epson yangu ya wino wa tenki niliichomeka, kabla sijatafuta mahali pa kubonyeza ikaniandikia imeshaongezwa. HP ya leza hivyohivyo. Mashine kubwa ya fotokopi, kampuni siitaji, hiyo ilinila jioni mbili. Ilibidi niende kwenye tovuti ya watengenezaji nitafute draiva ya Linux ya modeli yangu, nikaiweka, ikaprinti upande mmoja tu, nikahangaika mpaka nikakuta kwenye setingi za printa kuna mahali pa kuiambia kwamba mashine ina kile kifaa cha kugeuza karatasi. Nikawekea tiki, ikageuza. Kwaiyo ushauri wangu kama una mashine kubwa, tafuta draiva yake ya Linux kabla hujafuta chochote, ukiikosa simama hapohapo.

Flashi za wateja. Jamani. Kama una steshenari unajua ninachozungumzia. Vile virusi vya shotikati, mtu analeta flashi imejaa vishale tu, faili zimepotea, ukibonyeza kishale kimoja na wewe umeambukizwa, na mteja anayefuata anakwenda nalo nyumbani. Nilikuwa naskani kila flashi na bado vinapita.

Mwezi wa pili alikuja mwalimu mmoja mama mtu mzima, ameshazunguka maduka mawili, flashi iko mkononi kwenye kitambaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mitihani ya kidato cha nne yote imo humu na nimeambiwa haipo tena, wameniambia niformati."

Nikamwambia lete nione kabla ya kuformati. Nikachomeka kwenye desktopu ya kaunta, nikafungua, kulikuwa na kishale kimoja na folda moja isiyokuwa na jina. Nikaingia kwenye ile folda isiyo na jina, mitihani yote ndani, Baiolojia, Kemia, mpaka matokeo ya muhula uliopita. Kirusi kinachofanya ni kuzificha faili kwa alama ambayo Windows inaiheshimu, Linux hiyo alama haiitilii maanani inakuonyesha tu, na kile kishale ni programu ya Windows kwaiyo humu hakina pa kuwakia. Nikamkopia faili zake pembeni, nikaisafisha flashi, nikarudisha. Alikaa kwenye kiti akavuta pumzi kwanza. Toka siku hiyo kila mwalimu wa shule yao mwenye flashi mbovu analetwa kwangu, na hiyo sikulipia tangazo.

Sisemi Linux haina virusi, vipo, na programu ovu za kwenye brauza zinaweza kukupata popote. Nasema hivi vya flashi vinavyotutesa sisi huku vimetengenezwa kwa Windows, na steshenari ndio njia panda yao kubwa. Nikivikata kwangu nimewakatia na wateja.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea kabisa ni ile akaunti ya mgeni. Kwenye setingi za dirisha la kuingilia kuna sehemu ya kuruhusu wageni. Ukiiwasha, mteja anaingia kama mgeni bila paswedi, anafanya mambo yake, anaingia kwenye akaunti yake ya mkopo wa HESLB au Ajira Portal, akitoka kila kitu alichokifanya kinafutika, faili, historia ya brauza, paswedi aliyoisevu kwa bahati mbaya, vyote. Zamani nilikuwa nafungua kompyuta asubuhi nakuta barua pepe ya mtu iko wazi, cheti cha kuzaliwa cha mtu kwenye desktopu, namba ya NIDA ya mtu imeandikwa kwenye notipadi. Hivi ni vitu vya watu vya siri tunavyoachiwa na hatuvichukulii kwa uzito. Ila mwambie mteja mapema akopi kazi yake kwenye flashi kabla ya kutoka, kuna kijana alipoteza barua ya maombi aliyoichapa nusu saa kwa sababu mimi sikumwambia, nilimchapia upya bila hela, sasa nimebandika karatasi ukutani juu ya kila skrini.

Kwa kuskani vyeti kuna programu imo tayari, inaskani inatoa PDF moja kwa moja, na nimeongeza nyingine inaitwa PDF Arranger, ya bure, unaburuta kurasa unazipanga unaunganisha cheti cha kidato cha nne na cha sita na cha chuo viwe faili moja. Zamani hii kazi tulikuwa tunapandisha vyeti vya watu kwenye tovuti zisizojulikana za kuunganisha PDF. Nikikumbuka hilo naumia, vyeti vya watu vingapi viko huko.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, na hapa ndio nataka mwenye steshenari asome polepole. Faili za Word.

Mint inakuja na LibreOffice, hii ni mradi uliojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, inafungua docx, yaani faili za Word, inasevu docx, na kwa barua, CV, mitihani, mihutasari ya vikao vya vikundi haina shida yoyote. Shida ni ripoti za field na tasnifu za wanafunzi. Mwanafunzi ameipanga kurasa 64 kwenye Word, yaliyomo yameonyesha sura ya nne iko ukurasa wa 31, ukiifungua kwenye LibreOffice sura ya nne imekaa ukurasa wa 32, jedwali limekatika katikati, na anatakiwa aipeleke kwa msimamizi saa tano na sasa ni saa nne na nusu. Hapo hakuna falsafa ya programu huria itakayokuokoa, mwanafunzi anataka ripoti yake itoke kama alivyoiandika, na ana haki.

Nilichogundua baada ya kuhangaika ni kwamba kubwa ya shida hii ni fonti, sio LibreOffice yenyewe. Faili la docx kwa kawaida halibebi fonti ndani yake, linabeba jina tu. Kompyuta isipokuwa na fonti hiyo inaweka nyingine, herufi zinakuwa pana au nyembamba kidogo, mstari unasogea, ukurasa unasogea, mwisho wa siku ripoti nzima imesogea. Times New Roman ina nafuu maana Mint ina Liberation Serif ambayo kila herufi imepimwa upana uleule, kwaiyo mwanafunzi aliyefuata ile Times New Roman 12 nafasi moja na nusu kazi yake inakaa karibu sawasawa. Calibri ina mwenzake anaitwa Carlito, Cambria ina Caladea, nazo vipimo vilevile, unaziweka kwa terminali, dirisha la kuandikia amri: sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea. Itakuuliza paswedi, chapa tu ubonyeze Enter. Ukitaka Times na Arial zenyewe kuna ttf-mscorefonts-installer, katikati itakuletea ukurasa wa masharti na mausi haifanyi kazi hapo, bonyeza Tab mpaka ifike kwenye kukubali alafu Enter. Mimi nilifunga dirisha mara mbili nikidhani imeganda.

Iliyobaki ni Aptos. Hii ndio fonti ambayo Word mpya zinaanza nayo badala ya Calibri, na mpaka sasa sijapata mwenzake wa bure mwenye vipimo vilevile. Mwanafunzi mwenye laptopu mpya asiyebadilisha fonti anakuja na Aptos, na hapo kurasa zinahama.

Kwaiyo nimefanya mambo matatu. La kwanza nimeweka ONLYOFFICE kwenye desktopu zote, nayo ni ya bure na huria, yenyewe imejengwa kwa kufuata hizohizo docx na xlsx, kwa majedwali na vichwa vya kurasa naiona inashika vizuri kuliko LibreOffice, kwaiyo faili gumu nalifungua kwanza humo. La pili nawaambia wanafunzi waje na PDF. Naandika kwenye status, nawaambia mlangoni, "Mdogo wangu, sevu kama PDF hukohuko kwako ndio uje," na wengi wameshazoea, tena inawasaidia hata wakienda kuprinti kwingine. La tatu ni ile laptopu yenye mifumo miwili. Ikishindikana kote nawasha Windows, naprinti, nazima. Mwezi uliopita niliiwasha kwa kazi hiyo mara sita tu, nilihesabu.

Kadi nazo. Hapa Moshi Desemba wenyewe mnajua, mji unajaa, kila mtu yuko nyumbani, harusi, kipaimara, komunyo, na kadi za mchango zimeshatangulia toka Septemba. Mimi kadi zote nilikuwa natengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, nina violezo vya miaka sita. Publisher kwenye Linux hakuna. LibreOffice Draw inafungua faili za .pub lakini mapambo yanahama na maandishi yanapishana, nilijaribu na kadi kumi, tatu tu ndio zilitoka za kumwonyesha mtu. Nilikasirika mwanzoni mpaka nikasoma kwamba Microsoft wenyewe wanaifunga Publisher Oktoba 2026. Kwaiyo violezo vyangu vilikuwa na safari ya mwisho hata ningebaki Windows. Kama na wewe unatengeneza kadi kwa Publisher anza sasa hivi kuzitoa zote kuwa PDF wakati bado inafunguka, usisubiri. Mimi nimehamia Inkscape kwa kadi na Scribus kwa vijitabu vya ibada za mazishi. Inkscape ilinichukua kama wiki tatu kuizoea, mwanzo nilikuwa nalia, mapambo ya maua ya kona nilichora upya yote, ila sasa nikibadilisha jina la bwana na bibi harusi naprinti bila kitu chochote kuhama na nikikuza kuwa bango maua hayavunjiki. Picha za pasipoti natumia GIMP, mandhari ya bluu natoa kwa dakika mbili.

Visivyowezekana niseme wazi. Photoshop haipo. Programu za uhasibu za kuinstolu kwenye Windows nyingi hazipo, kama duka lako linaendeshwa na moja ya hizo usihame kwanza. Kuna Wine ambayo inajaribu kuwasha programu za Windows, inawezekana ikakubali, ila usiweke biashara juu ya inawezekana.

Kiswahili je? Nilifurahi kwa hili. Ukiweka hunspell-sw unapata kamusi ya kuhakiki tahajia ya Kiswahili kwenye LibreOffice, ile mistari myekundu chini ya kila neno inaondoka, inabaki kwenye makosa kweli, na mitihani ya Kiswahili inachapika kwa raha. Sio kamili, maneno mengi yenye viambishi virefu bado haiyajui. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwahi kufanya kazi kubwa zaidi, mradi wa Kilinux, mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima menyu zake kwa Kiswahili. Miaka ishirini na zaidi iliyopita! Hili linaniuma kidogo maana programu ikiwa huria mtu wa Moshi anaweza kukaa akatafsiri menyu na hakuna wa kumkataza, kinachotakiwa ni watu. Mdogo wangu na wenzake wameanza kutafsiri kidogokidogo, nami nawasomea maneno yao nawaambia hili mteja hataelewa.

Apdeti. Kuna ngao ndogo pale chini, ikiwa na alama ujue kuna kitu kipya. Haikulazimishi wala haizimi kompyuta katikati ya kazi ikakwambia subiri asilimia 30. Unachagua mwenyewe saa ya kufanya, mimi nafanya Jumapili usiku kwa bando la usiku, na kabla ya hapo Timeshift, programu ya kutunza nakala ya mfumo, inakuwa imeshapiga picha ya mfumo, kitu kikiharibika unarudi jana. Nimeitumia mara moja, kosa lilikuwa langu nilifuta kitu terminali nilichokopi mahali bila kukielewa, dakika kumi na tano nikawa nimerudi. Ila Timeshift inatunza mfumo, faili zako binafsi haizigusi kwa kawaida, hizo nakala fanya mwenyewe pembeni.

Kijana wangu wa dukani alizoea siku nne. Mimi wiki mbili. Wateja wengi hata hawajui nimebadilisha, wanaona Firefox wanaendelea.

Nyota naipa nne kati ya tano kwa steshenari, hiyo moja imebaki kwenye docx na mashine kubwa ya fotokopi. Kwa mtu wa nyumbani anayetazama video, kuchapa barua na kuingia mtandaoni naipa tano zote. Kama una kompyuta moja tu na unaishi kwa Publisher au programu ya uhasibu, subiri, ijaribu kwenye flashi kwanza mpaka uridhike.

Na kwa kuwa leseni yake inaruhusu kukopi na kugawa, ISO ya Xfce iko dukani kwangu nimeshaihakiki, pamoja na zile fonti za Carlito na Caladea na PDF Arranger. Ukiwa Moshi mjini njoo na flashi ya GB 8 iliyo tupu, saa nane mchana foleni inapungua, nakukopia bure na kitufe cha kuwashia kwenye mashine yako nakuandikia kwenye karatasi.